Bolti Hukazwa Penye Mzigo

Gari kuukuu husemwa vibaya na kila mtu isipokuwa mwenyewe. Jirani huona moshi wake, abiria huona vumbi lake, na polisi wa barabarani huona taa yake isiyowaka. Lakini mwenyewe huona miaka ambayo gari hilo limemchukua yeye na mizigo yake bila ya kumtupa njiani. Katika Tanga na pwani yake magari ya namna hii hayajatoweka, na miongoni mwao Land Rover ya springi za majani ina heshima ya pekee. Ilianza kuundwa Uingereza mwaka 1948. Ilitumika katika mashamba ya mkonge, katika misitu ya Usambara na katika idara za serikali, na ilipochoka huko ilinunuliwa na watu wa kawaida ikaanza maisha ya pili ya kubeba machungwa, mbao na watu. Mwaka 1983 kampuni yake ilianza kuuza aina mpya yenye springi za mzunguko, na mwaka 1985 ile ya zamani ikaachwa kuundwa. Hata hivyo mapenzi hayakwisha: Oktoba 2024 wenye magari ya jina hilo walikusanyika Arusha kwa tamasha, na makuukuu yalikuja kwa nguvu zao wenyewe pamoja na mapya.

Springi ya majani ni upinde wa chuma. Vipande virefu na vifupi hupangwa kimoja juu ya kingine, kirefu kuliko vyote kikiwa na jicho katika kila ncha, na vyote hubanwa pamoja katikati kwa bolti moja. Hapo katikati ekseli hufungwa kwa yu-bolti. Ncha moja ya upinde hushikwa mahali pamoja katika chesisi. Ncha ya pili huning'inia katika pingu ya vyuma viwili, kwa sababu upinde unapokandamizwa hurefuka, na lazima upate pa kurefukia. Katika kila kiungo mna bushi, yaani mpira uliogandishwa baina ya bomba mbili za chuma, moja ndani na moja nje. Bushi hizo ni tatu kwa kila springi ya mbele, na kila moja huenea katika kiganja cha mtu. Juu ya vitu vidogo hivyo hukaa injini, dereva na nusu ya matumaini ya abiria.

Adui mkubwa wa viungo hivi pwani ni chumvi. Upepo wa bahari hauchagui. Huingia baina ya majani ya springi, ukayagandisha kwa kutu hata upinde ukasahau kupinda, na huingia katika bolti ukaiunganisha na bomba la ndani la bushi mpaka vitu viwili vikawa kimoja. Wako watu ambao, kwa kuikimbia kutu, hupaka oili chafu chini ya gari zima. Chuma hushukuru, lakini mpira hufa, kwa kuwa oili huulainisha na kuuvimbisha. Dawa ya kiungo kimoja ni sumu ya kiungo cha pili.

Mwalimu mmoja mstaafu wa Ngamiani, sehemu ya mji ambayo barabara zake huitwa kwa namba, alikuwa na Land Rover ya inchi 109 ya namna hiyo. Dada yake aliishi Pangani, kiasi cha kilomita 50 kutoka mjini, wakati barabara ya huko ilikuwa bado ya udongo. Dada huyo alikuwa mgonjwa, na kila mwezi kaka yake alimfuata akamleta hospitali ya Bombo kwa matibabu. Kwa hiyo mlio wa nyundo uliposikika chini ya miguu ya dereva, na usukani ukaanza kutangatanga katika mashimo, jambo hilo halikuwa la starehe. Bushi mpya zilitiwa katika karakana moja, na kabla ya mwaka kwisha zote zilikuwa zimepasuka. Lawama ikamwangukia mwuza vipuri. Ilisemwa kwamba mipira ya siku hizi ni ya bandia, na maneno hayo, kwa kuwa mara nyingi ni kweli, hayakumfanya mtu yeyote atafute kweli nyingine.

Safari ya pili pensheni haikutosha kununua vipuri na kulipa ujira pamoja. Mwalimu aliamua kuifanya kazi uani kwake, chini ya mwembe, akisaidiwa na mpwa wake, mtoto wa dada huyo mgonjwa. Jirani yao, mzee aliyekuwa fundi wa karakana ya shamba la mkonge katika ujana wake, alikubali kuketi juu ya kigoda na kutazama.

Kazi ilianza kwa tahadhari. Magurudumu ya nyuma yalizuiwa kwa mawe. Gari lilipoinuliwa, chesisi iliegemezwa juu ya magogo mapana ya mti mgumu, si juu ya matofali, maana tofali likipasuka halitoi ilani. Jeki ya pili iliwekwa chini ya ekseli. Nati zilizokuwa zimeloweshwa mafuta tangu usiku zilifunguka. Bolti za bushi hazikufunguka. Zilikatwa kwa msumeno wa chuma, huku na huku, na kila moja ilidai sehemu yake ya mchana. Bomba la nje lililobaki ndani ya jicho lilipasuliwa kwa ubapa wa msumeno, taratibu, ili jicho lenyewe lisijeruhiwe. Majani yalitenganishwa, yakasuguliwa kwa burashi ya waya, yakapakwa grisi na kupangwa upya. Fundi mzee aliamuru kila springi iandikwe kwa chaki upande iliotoka, kwa kuwa katika gari hilo springi ya upande wa dereva huundwa na upinde mkubwa kuliko ya mwenziwe: abiria huenda akawapo au asiwepo, lakini dereva hakosekani.

Siku ya pili, jua likielekea kuchwa, bushi mpya zilikuwa ndani ya macho na bolti mpya zimepita. Kijana alishika spana ndefu akaanza kukaza, gari likiwa bado juu ya magogo na ekseli inaning'inia.

"Acha kwanza," mzee alisema.

"Shikamoo babu, lakini mjomba kesho ana safari ya kumfuata mama," kijana alijibu. "Tukikaza sasa tumemaliza."

Mzee hakubishana. Aliomba kanga iliyoloa kutoka kambani, akamshikisha kijana ncha moja kwa nguvu, na yeye akaisongoa ncha ya pili nusu duara. Kisha akamwambia: "Hivi ndivyo utakavyouacha mpira. Gari litakaposhuka chini, springi itakunjuka, na mpira utasongoka kabla halijakwenda hata hatua moja. Kila shimo litausongoa zaidi. Utadumu miezi mingapi?"

Hapo ndipo siri ya bushi za kwanza ilipojulikana. Bushi ya namna hii haitelezi. Hufanya kazi kwa kusongoka. Bolti hulibana bomba la ndani, na jicho hulibana bomba la nje, na mpira ulio katikati hugeuka kidogo huku na kidogo huku. Ikikazwa gari likiwa limesimama kwa uzito wake, mahali pa kupumzikia mpira ni pale pale ambapo springi hukaa siku zote, na mashimo huugeuza pande zote mbili kwa haki. Ikikazwa hewani, mahali pake pa kupumzikia ni pale ambapo springi haifiki isipokuwa juu ya jeki. Mpira huo hautapata pumziko mchana wala usiku. Kitabu cha matengenezo cha gari hilo, kilichokuwa kabatini mwa mwalimu miaka yote, kilisema hivyo hivyo kwa mstari mmoja mfupi; lakini mstari haukumwonyesha mtu kanga.

Magurudumu yalirudishwa, gari likashushwa, likatikiswa mara kadhaa mpaka likatulia. Kisha kijana akalala chali katika nafasi finyu chini yake, akakaza kila bolti kwa taabu kubwa kuliko ile ambayo angeipata gari likiwa juu. Usiku ulikuwa umeingia. Taabu hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini karakana nyingi hukaza mapema: juu ya jeki mikono ina nafasi, na kosa halionekani siku ya malipo. Yu-bolti zilikazwa tena baada ya safari za kwanza, maana chuma kipya hujikalisha.

Watu wengi hufunga mambo yao kama gari lililo juu ya jeki. Ushirika hufungwa siku ya karamu na ahadi hutolewa siku ya afya, na wenye kuahidi hushangaa kuona fundo limepasuka mzigo uliposhuka. Kaka aliyezoea kwenda Pangani kila mwezi alikuwa amefunga lake chini ya uzito wenyewe, na halikuhitaji kukazwa upya.

Jani moja la springi lililokuwa na ufa lilipelekwa kwa mhunzi, ambaye hufua visu na mashoka kwa chuma cha namna hiyo. Bushi mpya nazo zitachakaa siku moja, kwa kuwa mpira hauna maisha ya milele. Lakini zitachakaa kwa mashimo ya njia na kwa chumvi ya bahari, mambo yasiyoepukika, si kwa haraka ya mtu aliyezifunga.