Mama yake Tom Holland na useremala



Juzi usiku tulikaa na watoto tukaangalia The Impossible, filamu ya 2012 kuhusu familia iliyokumbwa na tsunami kule Thailand, Disemba 2004. Bahari yenyewe ni hii hii yetu. Aliyetutoa machozi ni Tom Holland, kijana wa Kiingereza aliyecheza Lucas, mtoto anayehangaika na mama yake majeruhi.

Tom alianzia kwenye dansi. Wenzake skuli walimcheka na kumwonea, naye hakuacha. Mwaka 2008 akapanda jukwaani London katika Billy Elliot. Lakini hata baada ya sifa za filamu, kazi zilipokauka, mama yake hakumwacha akae ndani akisubiri simu. Alimpeleka Cardiff akajifunze useremala. Spider-Man ilikuja baadaye, 2015.

Hapo tukatazamana. Mwenzetu mmoja ana mwana aliyefeli Form Four na akaomba apelekwe kwa fundi seremala. Sisi ndio tuliomwambia mama yake, "Usikubali, watu watasema nini?" Miezi minane sasa kijana yuko kitandani na simu yake.

Tulisahau kwamba Nabii Zakariya, amani iwe juu yake, alikuwa seremala.

Jana tumekwenda kumwomba radhi mama na mwana. Jumatatu anaanza kwa fundi, inshallah. Randa ya kwanza tumechangia sisi.