Jina Limo Ndani ya Gamba

Kwa Kijapani anaitwa umi-hotaru, kimulimuli wa baharini, na jina hilo limependwa hata likapewa kisiwa cha kujengwa katikati ya Ghuba ya Tokyo, ambako wenye magari husimama kupumzika. Wengi wanaopiga picha pale hawajawahi kumwona mwenyewe. Ana milimita 3 hivi. Kwa macho matupu utadhani punje ya ufuta iliyojifunza kuogelea.

Nilitoka Tanga kuja kusoma viumbe vya bahari, nikakabidhiwa yeye. Usiku tunashusha gatini chupa yenye kifuniko kilichotobolewa, ndani kipande cha ini la nguruwe. (Ini hukata mwenzangu, mimi nashika kamba.) Wanatoka mchangani kufuata harufu. Ukiwasumbua kwenye beseni, wanatema mwanga wa buluu: tezi za mdomo wa juu hutoa lusiferini na kimeng'enya chake, vikakutana na oksijeni majini, vikawaka. Mwanga unabaki nyuma, mwenyewe keshakwenda.

Kwa kazi yangu mwanga huo haunisaidii kitu. Ostrakodi wengine wa familia yake hutema buluu hiyohiyo. Wala hauhitaji uhai: mkaushe, msage, uloweshe unga wake, utawaka. Inasimuliwa kuwa wanajeshi wa Japani waliutumia kusomea ramani gizani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1956, kule Nagoya, Osamu Shimomura alipata fuwele za lusiferini safi kutoka kwa wanyama waliokaushwa. Miaka mingi baadaye alipewa Tuzo ya Nobel kwa ajili ya mwanga mwingine, wa kiwavuwavu.

Ili niandike kwenye kibandiko *Vargula hilgendorfii*, lazima nifungue gamba. Kwa nje ni kama kombe, vipande viwili vyenye bawaba. Ndani ni ndugu wa kamba na kaa. Mbele, chini ya ncha iliyopinda kama mdomo wa kasuku, pana upenyo ambao vipapasio vya pili hutokea kupiga makasia. Nyuma kuna vibamba viwili vyenye makucha, na makucha hayo huhesabiwa moja moja. Ninaoupenda ni mguu wa saba. Haufanani na mguu hata kidogo: mwembamba kama mnyoo, ncha yake ina vinywele, hujipinda mpaka mgongoni kufagia ndani ya gamba. Hapo mgongoni ndipo jike hubeba mayai.

Jike mmoja wa mwezi uliopita alikuwa nayo. Gamba lake linapitisha mwanga, na chini ya hadubini niliona kila yai lina vidoa viwili vyekundu, macho ya mtoto, yameshaumbika. Siku chache zaidi wangetoka. Lakini sampuli ilikuwa yake, na makucha hayahesabiki gamba likiwa limefungwa. Nilimtia kwenye spiriti, nikasubiri atulie, nikachukua sindano.

Mama aliponipigia jioni nilimsimulia. Yeye huuza samaki, na kupasua samaki mwenye mayai kwake ni kazi ya kila asubuhi.

“Lakini mimi mwanangu, yule analiwa,” alisema. “Wako je?”

Nikamwambia wangu nimemwandika jina. Jina la Hilgendorf, Mjerumani aliyefundisha Tokyo miaka ya 1870; mwenzake Müller ndiye aliyempa mnyama huyu jina hilo mwaka 1890.

“Jina la Mjerumani,” alisema mama, akanyamaza muda kidogo. Nilisikia maji yanamwagika ndoo. Kisha akauliza kama na kwetu wapo. Nikamkumbusha kwamba bahari yetu nayo huwaka usiku, ameiona mwenyewe, ila vinavyowaka ni vingi, na bila kumfungua mmojammoja siwezi kumjibu.

“Basi ukija uje na hizo sindano zako,” akasema. “Ini la ng'ombe nitatafuta mimi.”