Kutoka Lubumbashi mpaka Kalemie, juu ya samaki wadogo

Wale waliokaa nasi kambini miaka ile ya 1980 wanakumbuka sanduku langu la vioo. Injinia mmoja Mzungu, alipokuwa anarudi kwao, aliniachia vyote pamoja: sanduku la litri mia moja, pampu ndogo ya hewa, na samaki kumi na wawili wa Ziwa Tanganyika. Jioni watoto wa majirani walijaa salonini kwetu kuliko siku ya televizio. Mke wangu, binti wa Kalemie, ndiye aliyewalisha. Mimi nilikuwa mwenye sanduku, yeye alikuwa mwenye samaki.

Halafu nikaleta mawe. Sisi watu wa mgodi tunapenda malakiti, lile jiwe la kijani lenye shaba ndani. Nikaona mchanga mtupu hauna uzuri, nikapanga mawe matano majini. Kisha siku chache mke wangu akaniambia: «Baba watoto, tangu ile mawe iliingia, samaki wanapanda juu kutafuta hewa. Toa mawe.» Nikamjibu kwamba mtu wa ziwa anajua kuvua, hajui mawe. Hata juma mbili hazikuisha, tukawazika wote chini ya mwembe. Nikasema ni umeme uliokatika. Ni kweli ulikatika usiku mmoja. Nilisema hivyo miaka yote, mpaka yeye mwenyewe alipotuacha mwaka 2021.

Mwaka 2023 nilikwenda kwao Kalemie kwa mambo ya jamaa. Treni ile si ya kusimulia haraka, maana yenyewe haina haraka. Unapita Kamina, Kabongo, unavuka siku juu ya siku, unafika Kabalo kwenye mto Lualaba. Kutoka hapo njia ya chuma, iliyofika ziwani mwaka 1915, inafuata bonde la Lukuga. Mto huo ndio unaotoa maji ya Tanganyika na kuyapeleka Lualaba, na Lualaba ndiyo Kongo yetu inayokwenda mpaka baharini. Mama mmoja aliyekaa mbele yangu alikuwa na kuku watatu, na siku ya sita kuku mmoja alitaga. Tukamshangilia wote, vagoni nzima.

Ziwa linakushitua. Sisi tumezoea mashimo na lundo za udongo mwekundu, kumbe hapa jicho halipati mahali pa kusimama. Urefu wake ni kilometa 670 hivi, na kina chake kinafika meta 1 470. Duniani kote ni Baikal tu, kule Urusi, linalolipita kwa kina. Karibu na mdomo wa Lukuga pwani ni mchanga, basi shemeji yangu, ndugu ya marehemu, akanipakia katika mtumbwi wake wenye mota, tukashuka kusini upande wa Tembwe, kwenye miamba.

«Shemeji, angalia chini,» akasema, akazima mota.

Maji ni safi, unaona meta nyingi. Juu ya kila jiwe samaki wadogo walikuwa wanakwangua kijani kwa midomo, kama mbuzi kwenye majani. Shemeji akaniambia ukienda mbali kidogo, ukavuka pwani ya mchanga, jamii ile ile utaikuta na rangi nyingine, kwa sababu samaki hawa wa miamba hawapendi kuvuka mchanga. Wataalamu wa Ulaya wanawaita Tropheus. Mama anaweka mayai yake mdomoni, si mengi, akiyatunza karibu juma nne mpaka watoto watoke wakiogelea.

Kisha akanipeleka palipo na mchanga, akapiga mbizi, akarudi na koa la konokono, kubwa kama yai la kuku. Ndani yake samaki wawili, hata urefu wa kidole hawakufika. «Hawa ni bwana na bibi. Hatari ikikuja, bibi anaingiaka mbele, bwana nyuma. Nyumba ni moja.» Akawarudisha majini polepole.

Hapa nitoke njiani kidogo, vijana watafurahi. Mwingereza mmoja, J. E. S. Moore, alifika kwenye ziwa hili mwaka 1896. Alipoona makoa yanayofanana na ya bahari, na ndani ya maji medusa, kile kiumbe laini kama mwavuli ambacho watu wanakijua zaidi baharini, akasadiki kwamba Tanganyika ni kipande cha bahari ya zamani kilichofungiwa katikati ya nchi. Akaandika kitabu kizima mwaka 1903. Alikosea, ziwa lilizaliwa kwa kupasuka kwa nchi, na wanyama wake walijigeuza humo humo. Lakini namuelewa. Maji hayo yana chumvi chumvi za mawe, ingawa hazifiki hata gramu moja kwa litri, hali bahari ina gramu 35 hivi. Ni maji magumu, pH yake inakaribia 9. Ndiyo maana anayefuga samaki hawa anafanya kazi inayofanana na ya yule anayefuga samaki wa bahari: anatengeneza maji kwanza.

Shemeji akaniuliza: «Ile samaki ya zamani, uliwapatia maji gani?»

«Ya mvua. Niliona ni safi.»

«Weye unazani samaki anakufaka na njaa? Anakufaka na maji. Na ndani uliweka nini?»

Nikamwambia mawe. Nikamwambia na lile neno nililomjibu dada yake. Akavuta kamba ya mota mara mbili, haikuwaka. «Dada alituandikiaka barua,» akasema. «Alisema ni umeme ndio iliwaua.»

Tukarudi Kalemie bila kusema mengi.

Sikubeba samaki. Siku sita katika treni, ndani ya bidoni, ni kuwaua mara ya pili. Nilibeba makoa matupu arobaini katika gunia.

Nyumbani Lubumbashi mpwa wangu, anayefanya kazi ya labo, alinieleza lililonishinda miaka yote. Maji ya mvua ni laini, tena yana uchachu kidogo, yanaweza kuyeyusha shaba ya malakiti, na shaba ikiyeyuka inaharibu matamvua, pale samaki anapopumulia. Ndipo nikaanza upya. Chini nimeweka mawe ya chokaa ya Kakontwe, kule Likasi, yaliyopondwa na kuoshwa. Chokaa inasaidia kuyafanya maji magumu. Maji ya robine nayalaza kwanza katika ndoo siku mbili, klori itoke. Pampu ya hewa inafanya kazi na betri na plaki ya jua, kwa maana mambo ya umeme wetu mnayajua.

Tena samaki hawaingii. Kila siku natupa ungaunga wa ndagala kidogo sana majini. Unaoza, unatoa amonia, ambayo ni sumu. Mikrobi wazuri wanazaliwa juu ya mawe na katika sponji, wanaigeuza amonia kuwa nitriti, nayo ni sumu vilevile, halafu mikrobi wengine wanaigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki anaivumilia ukibadilisha maji. Kazi hiyo inataka juma nne mpaka sita, na feza haiwezi kuifupisha sana. Mpwa wangu ananiletea karatasi za kupimia. Juma la pili amonia ilipanda. Juma la nne nitriti ikawa nyingi, karatasi ikawa nyekundu nyekundu.

Wajukuu wanakaa mbele ya maji matupu. «Nkambo, samaki iko wapi?» Nawaambia iko Kalemie, inangoja. Wanacheka, wanasema nkambo anaangalia televizio isiyo na picha.

Juzi, juma la sita, amonia ilikuwa sifuri, na nitriti sifuri. Nikapima tena asubuhi. Sifuri. Nikampigia shemeji simu, atume jozi mbili za wale wa makoa kwa ndege, si zaidi. Akauliza kama nimetoa mawe yote.

Lilibaki moja tu tangu wakati ule. Sasa linashikilia mlango wa nyuma, upepo usiupige.