Kutoka Kuluba hadi Makumbusho: Safari Inayoanza Nyumbani

Atokaye mjini Koboko na kushika barabara ya lami iendayo kaskazini hadi Oraba huingia katika nchi ya Kuluba. Ni nchi ya mihogo, ufuta, karanga na tumbaku, na wenyeji wake walio wengi ni Wakakwa. Mpaka wa Sudani Kusini uko karibu, na ule wa Kongo nao hauko mbali; pahali zinapokutana nchi hizo tatu huitwa Salia Musala. Kwa mtoto wa huku, mpaka si mstari wa kwenye ramani. Ni njia waliyoipita wazee wake, mara wakikimbia, mara wakirejea.

Mwalimu wa Kuluba anayekusudia kuwapeleka wanafunzi wake kuona kumbukumbu za vita katika Jumba la Makumbusho la Uganda, lililo Kampala, aghalabu huanza na hesabu. Kutoka mpakani Oraba hadi Arua ni mwendo wa kilometa zipatazo 75, na kutoka Arua hadi Kampala ni kilometa zipatazo 500. Ni safari ya kutwa nzima. Basi litakodiwa kwa kiasi gani? Watoto watalala wapi? Nani atabaki na madarasa mengine? Maswali haya ni ya haki na yana majibu. Lakini liko swali jingine ambalo halimo katika hesabu, na mwalimu asiyejiandaa nalo atakwama kabla basi halijaondoka.

Swali hilo huja siku ya mkutano wa wazazi. Mzee mmoja aweza kusimama, akaegemea mkongojo wake, akasema kwa Kiswahili alichojifunza jeshini: "Mwalimu, shikamoo yako tumeipokea. Basi tuambie: huko Kampala, wajukuu wetu wataonyeshwa kuwa sisi ni nani?"

SWALI LA MZEE

Swali hilo lina historia ndefu. Vijana wa Nile Magharibi waliandikishwa kwa wingi katika jeshi la wakoloni, King's African Rifles, na askari wa Afrika Mashariki walipelekwa hadi Burma kupigana na Wajapani mwaka 1944. Idi Amin, ambaye asili ya baba yake ni Wakakwa wa Koboko, alilelewa na jeshi hilo hilo. Aliposhika madaraka tarehe 25 Januari 1971, askari wengi wa Kiacholi na Kilango waliuawa, na watu wa makabila yote ya Uganda walionja ukatili wa utawala wake.

Oktoba 1978 majeshi yake yaliingia Kagera, nchini Tanzania, yakaua, yakapora, na daraja la Kyaka likavunjwa. Tanzania ilijibu. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, na majeshi ya Tanzania yakasonga mbele hadi Nile Magharibi. Tarehe 3 Juni 1979 yalifika mpaka wa Sudani, na vita vikahesabiwa kuwa vimekwisha. Askari wa Tanzania waliokufa katika vita hivyo wanakumbukwa Kaboya, mkoani Kagera. Mwisho wa habari ambayo msomaji wa Tanzania anaijua tangu Kyaka umo katika ardhi hii ya Koboko.

Lakini kwa watu wa huku huo haukuwa mwisho. Oktoba 1980 waliokuwa askari wa Amin walivuka mpaka na kushambulia Koboko na Arua. Jeshi jipya la serikali lilipowarudisha nyuma, lililipiza kisasi kwa raia. Tarehe 24 Juni 1981, katika misheni ya Ombaci karibu na Arua, watu waliokuwa wamekimbilia hifadhi walipigwa risasi. Wakafa wapatao 100, wakiwamo wanawake na watoto. Watu wa Nile Magharibi kwa mamia ya maelfu walikimbilia Sudani na Zaire, na wengi hawakurejea hadi mwaka 1986, vita vya Sudani vilipowafuata kambini.

Basi mzee anapouliza, hakatai historia isisomwe. Anaogopa isomwe nusu. Na mama wa Kyaka au Luwero, angekuwapo mkutanoni, angeogopa jambo hilo hilo kwa upande wake. Kazi ya mwalimu ni kuwajibu wote wawili kwa maneno yale yale.

BARABARA NAYO NI MAKUMBUSHO

Njia iliyo bora ni kuanza karibu. Wiki kadhaa kabla ya safari kubwa, wanafunzi wapelekwe Ombaci kwa siku moja. Wasimame hapo kimya, wasikilize, kisha warudi. Mtoto aliyeona kwamba watu wake waliumizwa hatashindwa kusikia kwamba watu wake pia waliumiza wengine. Akianza na la pili peke yake, huenda akaziba masikio.

Safari ya Kampala yenyewe ipangwe ili barabara ifundishe. Pakwach, basi linapovuka Nile, watoto waelezwe kwamba majeshi ya mwaka 1979 yaliyatazama maji hayo hayo. Kati ya Pakwach na Karuma wajue kuwa waasi wa Lord's Resistance Army waliwahi kushambulia magari hapo, na kwamba wasafiri walikuwa wakienda kwa misafara iliyosindikizwa na askari. Luwero wakumbushwe vita vya 1981 hadi 1986, na mafuvu ya raia yaliyokusanywa mashambani. Kila kituo kina wafu wake, na kila kabila lina msiba wake.

Jumba la Makumbusho lilianzishwa mwaka 1908, na tangu 1954 liko katika kilima cha Kitante. Humo mna ngoma, mikuki, vyombo vya kale na mengine mengi. Mwaka 2019 palifanyika maonyesho ya picha za enzi za Amin, zilizotoka katika hazina ya shirika la utangazaji la taifa. Zilipigwa na wapiga picha wa serikali. Zilionyesha mikutano, sherehe na ziara, wala hazikuonyesha vyumba vya mateso. Maonyesho hayo yalipita, lakini fundisho lake limebaki. Mbele ya picha yoyote mwanafunzi aulize: nani aliyempeleka mpiga picha, na nani hakupigwa picha?

YA KUTAYARISHA

Mwalimu aandike barua mapema kwa wakuu wa jumba, aeleze umri wa wanafunzi na mambo wanayotaka kuona. Ikiwezekana, aende kwanza peke yake, ili ajue kilichopo siku hizo na asiwaahidi watoto kisichokuwapo. Michango ipangwe baada ya mavuno, na ikusanywe kidogo kidogo, ili mtoto wa maskini asiachwe. Wazazi wafunge chakula kisichoharibika upesi: mihogo ya kuchemsha, karanga, mayai. Maji safi yasikosekane. Kwa kila kundi la watoto awepo mtu mzima mmoja, na miongoni mwa watu wazima hao awemo mzee mmoja wa kijiji. Nafasi yake katika basi si hasara.

Tena wako wanafunzi wa kuangaliwa kwa namna ya pekee. Tangu vita vilipolipuka upya Sudani Kusini mwaka 2016, wakimbizi wengi walipokelewa Kuluba, na watoto wao waliingia katika shule za Nile Magharibi. Kwa hao vita si historia. Mwalimu azungumze nao kabla, na atakayependa kubaki nje ya chumba cha silaha asilazimishwe wala asichekwe.

Wakirejea, kazi isiishie kwenye insha. Kila mtoto aulize nyumbani kama kimesalia kitu cha miaka ya ukimbizini: sufuria iliyobebwa kichwani hadi Sudani, kadi ya posho, jembe lililogawiwa kambini. Vitu hivyo vipangwe juu ya meza darasani, kila kimoja na karatasi ya kueleza ni cha nani na kilipita njia gani. Kisha mzee yule aliyeuliza swali aalikwe aje aitazame meza hiyo, na watoto wamsomee wenyewe yaliyoandikwa.