Uyoga Ulionitia Adabu

Wahenga walinena kuwa asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Mimi sikuuliza, na aliyelipa si mimi, bali ndugu yangu mdogo.

Nilikuwa bado shule ya msingi. Masika yalikuwa yamechacha, na hapa kwetu Kongowea matope yalifika hadi mlangoni. Mama alikuwa sokoni kwenye biashara yake ya mboga, akaniachia kazi ya kupika. Kuchungulia uwanja ulio nyuma ya nyumba, nikaona uyoga mweupe pepepe, umesimama kwenye nyasi kama miavuli. Kila masika nyanya yetu wa Kaloleni hutuletea uyoga wa kichuguu, tukaupika kwa tui la nazi, na utamu wake, lo, mtu hujiuma vidole! Nikajiambia, "Leo uyoga umetufuata nyumbani."

Mtaani nilikuwa nimesikia kwamba uyoga wa sumu hugeuza kijiko kuwa cheusi. Nikatia kijiko sufuriani, wala hakikugeuka. Tena niliona konokono ameutafuna. Basi, salama! Nikampakulia ndugu yangu kwanza, naye akaramba sahani.

Hazikupita saa mbili, akaanza kushika tumbo. Alitapika, akaharisha, akatapika tena hadi macho yakazama. Majirani walimwita mama, tukamkimbiza zahanati, akatundikiwa maji. Usiku ule sikupata lepe la usingizi. Kila nilipofumba macho nilijiona na upawa mkononi. Alhamdulillahi, siku ya tatu alisimama.

Nyanya alipopata habari alikuja, na kikapuni amebeba uyoga wake. Hakunigombeza. Aliniambia tu, "Hebu twende ukanionyeshe, mjukuu wangu."

Tulipofika uwanjani aling'oa uyoga mmoja uliosalia, akauweka kando ya wake. Kwa juu, wallahi, ilikuwa kama mapacha. Kisha akanifunza kutazama chini. Uyoga wa kichuguu una mzizi mrefu kama mkia, unaoshuka ardhini hadi ndani ya nyumba ya mchwa, na katikati ya kofia yake pana ncha. Ule wa uwanjani shina lake liliishia palepale, limevimba kidogo. Kofia yake ilikuwa na magamba ya kahawia, na shinani palikuwa na pete iliyosogea juu na chini. Tulipoigeuza kofia, zile kurasa zake nyembamba zilikuwa zimeanza kuwa za kijani. Nyanya akasema, "Ukiwa mchanga, hata kijani hukioni. Ndiyo maana mimi siokoti nisipokijua kichuguu chenyewe."

Baadaye mwalimu wetu wa sayansi alinieleza kuwa uyoga wa uwanjani huitwa Chlorophyllum molybdites, nao humea kwenye nyasi katika nchi nyingi zenye joto. Ule wa nyanya ni wa jamii ya Termitomyces, jina lililotolewa na Mfaransa Roger Heim mwaka 1942. Mchwa huulima: hukusanya majani na vijiti vikavu, wakaulisha uyoga, nao uyoga ukawalisha wao. Mwalimu alituonyesha kulaza kofia juu ya karatasi usiku kucha. Asubuhi uyoga wa uwanjani huacha vumbi la kijani, na wa kichuguu huacha vumbi la rangi ya waridi hafifu.

Hata hivyo, msomaji, usikimbilie kuokota kwa kuwa umesoma haya. Upo uyoga mdogo wa mchwa usio na mkia mrefu. Upo pia Amanita phalloides, unaojulikana sana Ulaya, ambao hauishi sumu kwa kuchemshwa. Dalili zake huanza baada ya saa 6 au zaidi, kisha mgonjwa huonekana kapata nafuu kumbe ini linaharibika. Kijiko hakijui hayo, wala konokono.

Ndugu yangu leo ni mzima, nasi tunakula uyoga kila masika. Lakini kabla hajatia tonge mdomoni hunikazia macho na kuuliza, "Huu umetoka kwa nyanya?" Wengine hucheka. Mimi hujibu swali.