Siku ya Mwisho Doornfontein

Ndugu msomaji, kama umewahi kuhudhuria mkutano wa wataalamu, unaijua siku ya mwisho ilivyo. Viti vitupu, mabegi mlangoni, mtoa mada anaongea na watu kumi na nusu yao wanatazama saa. Mimi mwenyewe nilikaribia kuwa miongoni mwa watoro.

Tulikuwa Watanzania watatu, wanafunzi kutoka Cape Town. Tulisafiri kwa basi usiku kucha, kama kilomita 1,400, hadi Johannesburg. Mkutano ulihusu maji, siku tatu, katika kampasi ya Doornfontein ya Chuo Kikuu cha Johannesburg. Utafiti wangu ulikuwa wa kuondoa floraidi kwenye maji ya kunywa kwa kutumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Waliokulia Arusha wananielewa: meno ya kahawia tangu utotoni, na wengine hata mifupa kupinda. Shirika la Afya Duniani linashauri floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji.

Tatizo, matokeo yangu yalikuwa yanapishana. Mkaa wa wiki hii unasafisha maji vizuri, wa wiki ijayo hoi. Ilibaki miezi minne nikabidhi tasnifu, na msimamizi wangu alishaanza kuniuliza kama si bora nibadilishe mada.

Siku mbili za mwanzo nilizichezea. Nilikimbia chumba hiki na kile, nikakusanya kadi 19 na vipeperushi vya kujaza begi. Wakubwa niliotaka kuwaona walikuwa wamezungukwa kama bwana harusi. Na bango langu lilipangiwa siku ya tatu, baada ya chakula cha mchana. Nuksi gani hiyo!

Asubuhi wenzangu wakasema, "Kaka, twende Fordsburg, pale Oriental Plaza, tukanunue nguo kabla ya basi la jioni. Nani atabaki kuangalia mifupa yako?" Kusema kweli, kilichonibakiza si bidii. Sikuwa na hela ya kununulia kitu.

Basi nikasimama mbele ya bango. Dakika arobaini, wakaja watu watatu. Wa tatu alikuwa mama mtu mzima, Mkenya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akasoma bango lote, mstari kwa mstari. Kisha akauliza, "Mifupa uliichoma kwa nyuzi ngapi?"

Nikaeleza kwamba natumia tanuri la pipa, kama la kijijini, nachoma mpaka ibadilike rangi.

"Sikukuuliza rangi, mwanangu. Nimekuuliza nyuzi."

Jamani, sikuwa na jibu. Sikuwahi kupima hata siku moja! Mama akavuta kiti. Kumbe alifanya kazi miaka mingi Nakuru, ambako maji yana shida hiyo hiyo na mkaa wa mifupa nao hutumika. Akanieleza: moto ukiwa mdogo, mafuta hubaki kwenye mfupa na maji hunuka, moto ukizidi, mkaa hupoteza nguvu ya kunasa floraidi. Akanichorea tanuri nyuma ya ratiba ya mkutano. Tulikaa karibu saa nzima, hakuna aliyetusumbua.

"Juzi nilikuona," akacheka, "unagawa jina lako kama mgombea ubunge."

Niliporudi nilitafuta kipimajoto cha tanuri, nikaanza upya. Matokeo yakatulia. Tasnifu niliikabidhi kwa wakati, mada ile ile.

Kwa hiyo, wewe unayejiandaa na mkutano wako wa kwanza: usikate tiketi ya mchana wa siku ya mwisho. Nenda na swali moja linalokunyima usingizi, si kadi mia. Na ukipangiwa kuwa wa mwisho usinune. Waliobaki ndio wenye nafasi ya kukusikiliza.

Uwanja wa Ellis Park uko Doornfontein hapo hapo. Juni 24, 1995, kwenye fainali ya Kombe la Dunia la raga, Afrika Kusini na New Zealand walimaliza muda wa kawaida 9-9. Ushindi wa 15-12 ulipatikana katika muda wa nyongeza. Sijui kama kuna aliyetoka mapema siku ile kuwahi usafiri. Kama yupo, namwonea huruma. Wahenga walishasema, mgaagaa na upwa hali wali mkavu.