Risasi Moja Mfukoni, Ziwa la Ng'ombe

Wadau, leo naungama. Mwaka jana nilitembea kutoka steji ya Bombolulu mpaka nyumbani Ziwa la Ng'ombe nikiwa na risasi mfukoni. Moja tu. Haikuwa yangu na hakuna aliyenipa. Nilitaka kuipiga picha niiweke mbele ya video yangu.

Ngojeni nianze mwanzo, msije mkanihukumu nusu nusu.

Ami yangu alistaafu kazi ya bandarini, akaanza kuzeeka kwa kukaa kibarazani. Wazee wenzake hucheza bao. Yeye akajiunga na klabu ya kulenga shabaha. Mtaani maneno hayakuisha: mzee na bunduki wapi na wapi, ama anaenda kuwinda? Kenya uwindaji ulipigwa marufuku tangu 1977, kwa hivyo swala hayumo kwenye hii stori. Ni karatasi yenye miduara, mita hamsini, basi. Alichunguzwa, akachukuliwa alama za vidole, akangoja mpaka mimi nikasahau, halafu cheti kikatoka. Akanunua bunduki ndogo ya .22, ya mtutu mrefu.

Siku ya kwenda kununua risasi akanipigia. "Mwanangu, si wewe ndiye unayejua mambo ya bunduki? Nisindikize."

Nilijiskia mkubwa, kusema kweli. Mimi na PUBG tumetoka mbali. 5.56 naijua, 7.62 naijua, usiku wa manane naweza kukwambia AKM inakula nini. Tukaingia dukani, nikaegemea kaunta, nikamwambia muuzaji, "Tupatie zile kali kuliko zote."

Yule muuzaji hata hakuniangalia. Alimwambia Ami, "Mzee, cheti."

Hapo ndipo nilipoanza kujifunza. Cheti cha bunduki Kenya hakisemi tu una ruhusa ya bunduki. Kinasema pia risasi ngapi unaweza kununua, na ngapi unaruhusiwa kuwa nazo kwa wakati mmoja. Uwe na pesa za kujaza tuktuk, hiyo idadi haiongezeki. Muuzaji akaandika kila kitu kwenye kitabu chake, kisha akauliza, "Mtutu umeandikwa nini?"

Ami akatoa kikaratasi mfukoni. Alikuwa ameandika 22 LR.

Mimi nikaona kwenye kabati boksi jingine limeandikwa .22 Magnum. Nikasema, "Hiyo si ndiyo nzuri zaidi? Na ni .22 vilevile." Muuzaji akatoa moja ya kila aina akazisimamisha kwenye kaunta. Ile Magnum ganda lake ni refu na nene zaidi. Haiingii kwenye bunduki ya Ami, na haifai hata kujaribiwa. Jina limefanana, basi. Akaniuliza kama mimi ni mtu wa gemu. Nikanyamaza. Akaniambia kwenye gemu yetu AKM na Kar98k zinatumia risasi moja, 7.62. Kwa maisha ya kweli, AK inatumia 7.62 yenye ganda la milimita 39, G3 ya polisi wetu inatumia 7.62 yenye ganda la milimita 51, na hiyo Kar98k si 7.62 kabisa, ni 7.92. Miaka yote nimeokota risasi za uongo, na mimi ndiye niliyekuja kama mtaalamu!

Tukaja kwenye kasi. Risasi za .22 za kawaida huenda chini kidogo ya mwendo wa sauti, ambao ni kama mita 340 kwa sekunde. Zile za kasi hutoka juu ya hapo, halafu zikiwa njiani hupungua mpaka zikashuka chini ya mwendo wa sauti. Pale zinapovuka zinaweza kutikisika, na shabaha ikaharibika. Ndiyo maana watu wa karatasi wengi hupenda za taratibu. Na kila mtutu una tabia yake: bunduki mbili za kampuni moja zinaweza kupenda risasi tofauti. Kwa hivyo usikimbilie kununua nyingi za aina moja. Nunua maboksi machache tofauti, piga tano tano, uache karatasi ikwambie.

Ami akanunua aina nne, boksi moja moja. Ya nne nilimchagulia mimi, ya kasi, kwa sababu boksi lilikuwa na picha ya radi.

Kule uwanjani yeye alipiga, mimi nikahesabu matundu. Za bei ya chini kuliko zote zilikusanyika tano kwenye nafasi ya kifuniko cha soda. Zangu za radi zikatawanyika kama mahindi ya kuku. Ami hakusema kitu. Alinionyesha tu onyo lililochapishwa kwenye boksi: risasi hii inaweza kufika maili moja na nusu. Hiyo ni zaidi ya kilomita mbili, na ni kitu kidogo kuliko kidole changu cha mwisho. Ukiipiga hewani kwetu, itaangukia mtaa mwingine, kwenye bati la mtu ambaye hata humjui.

Boksi la radi lilikuwa na hamsini, zikapigwa tano. Ami akaniambia nizirudishe zilizobaki. Nikarudisha arobaini na nne.

Alinishusha Bombolulu magharibi inaingia. Mbele kidogo nikakuta makarao wamewakalisha vijana chini, mikono kichwani. Sura nilizijua. Mmoja nilisoma naye darasa la saba. Nyinyi wa Kisauni mnajua: tangu mambo ya magenge ya panga, kijana wa huku kupekuliwa ni kama kulipa nauli. Kupatikana na risasi bila cheti ni kosa hata kama ni moja, hata kama bunduki hujawahi kushika. Sasa nitamwambia nani ilikuwa ya picha? Karao mmoja akaniuliza natoka wapi. Nikasema kwa ami yangu. Akaangalia kamera yangu shingoni, akanipungia mkono nipite. Miguu ilikuwa yangu lakini siisikii.

Saa tatu usiku simu ikalia. "Zimepungua moja," Ami akasema. Hakuuliza. Nikasema ninayo, naileta sasa hivi. "Usitoke nayo! Kaa hapo hapo, nakuja."

Alikuja na cheti chake, akaketi kwenye mkeka wetu, akaiweka risasi kwenye boksi, akahesabu upya mbele ya mamangu mpaka arobaini na tano. Mama ndiye aliyeongea. Yeye alikulia Likoni. Agosti 1997 alikuwa msichana, ule usiku kituo cha polisi cha Likoni kilipovamiwa, askari wakauawa, na wavamizi wakaondoka na bunduki na risasi. "Tulilala chini ya kitanda," akasema. "Kila moja iliyolia, ilikuwa imetoka mkononi mwa mtu aliyepewa aihesabu." Kisha akaniangalia mpaka nikainamisha kichwa.

Kilichoniuma zaidi ni Ami. Ile risasi ingepatikana kwangu, cheti chake kingekuwa mashakani pamoja nami. Miezi yake yote ya kungoja, kwa sababu ya picha ya mbele ya video.

Kwa hivyo mkiniona sasa nawasema mabeshte wanaovaa vidani vya risasi kwenye picha, msinione najifanya mtakatifu. Kama siku moja utamiliki bunduki kihalali, soma mtutu kabla ya boksi, na ujue idadi yako kama unavyojua namba yako ya simu. Kama humiliki, hata moja usiiweke mfukoni.

Ami bado huenda kulenga. Hunichukua. Lakini maboksi hufunga mwenyewe, na mimi sijawahi kumuuliza ni lini ataniambia tena nizirudishe.